Nijitoe kwenye pensheni ya Uingereza nimalizie nyumba Tanga?

Swali: "Assalaam alaykum kaka. Mimi mzaliwa wa Tanga, nina miaka 41, niko Leicester mwaka wa sita huu, nafanya kea kwenye nyumba ya wazee. Mshahara ni kama pauni 25,000 kwa mwaka. Kila mwezi wananikata pauni 62 na kitu ya pensheni, mbali na Bima ya Taifa. Wenzangu wawili wa zamu moja wameshajitoa. Wanasema ukirudi Afrika hizo hela huzioni, tena zimezalishwa kwa riba. Nina kiwanja Pongwe, nyumba imefika linta. Nikifika 55 nataka kurudi moja kwa moja. Je, nijitoe hizo hela ziende kwenye nyumba? Na pensheni ya serikali yao nitalipwa nikiwa Tanga, au mpaka nichukue pasipoti ya Uingereza? Nyumbani niliwahi kuchangia NSSF miaka mitatu nikiwa hotelini, sijui kama huwa zinaunganishwa."

Jibu: Waalaykum salaam, dada. Usijitoe. Hilo nalisema mwanzo kabisa kwa sababu najua barua ndefu husomwa nusu, halafu simu ya nyumbani inaita. Kwenye mpango wako lipo jambo la kukukosesha usingizi, ila si makato hayo. Ni ile miaka baada ya 55, na nitaifikia.

Chukua slipu yako ya mshahara tuhesabu pamoja. Kwa sheria ya Uingereza mchango wa pensheni ya kazini haukatwi kwenye mshahara wote. Unakatwa kwenye kipande kilicho kati ya pauni 6,240 na 50,270 kwa mwaka. Wewe unapata 25,000. Toa 6,240, inabaki 18,760. Kiwango cha chini kinachotakiwa kuingia kwenye mfuko wako wa pensheni ni asilimia 8 ya hiyo, yaani pauni 1,500 kwa mwaka. Sasa nani anazitoa? Wewe unatoa asilimia 4, ambazo ni pauni 750, ndizo hizo 62 na senti zake kila mwezi. Mwajiri anatoa asilimia 3, yaani karibu 563. Asilimia 1 iliyobaki, kama pauni 188, ni kodi ambayo serikali inairudisha na kuiingiza kwenye mfuko wako. Kila pauni inayotoka kwako inaingia ikiwa mbili, kabla hata haijawekezwa popote.

Ukijitoa, mwajiri hakupi zile 563 mkononi. Zinabaki kwake, na ya kodi inabaki serikalini. Unachopata ni zile 62 zako tu, ambazo kwa kiwango cha kubadilishia fedha cha karibuni ni kama laki mbili na ushee za Tanzania. Kwa bei za saruji za nyumbani ni mifuko kumi na kitu kwa mwezi. Nyumba iliyofika linta haihitaji saruji tena kama inavyohitaji mbao, bati na fundi wa kupaua, na hizo hulipwa kwa mkupuo, hazingoji laki mbili mbili. Ndiyo maana nasema hela hiyo haitakuezekea nyumba, ila itakutoa kwenye mchango wa mwajiri wako kwa miaka 14.

Waulize pia wale wenzako wawili walirudishiwa nini walipojitoa. Ukijitoa ndani ya mwezi wa kwanza wa kuingizwa, unarudishiwa chako. Baada ya hapo, kinachosimama ni makato ya mbele tu. Kilichokwisha kuingia kinabaki humo mpaka umri wa kuchukua ufike. Na hata hivyo kila baada ya miaka mitatu hivi mwajiri anatakiwa kuwaingiza upya, nao wajaze tena fomu ya kujitoa. Utaratibu huu wa kumwingiza mfanyakazi moja kwa moja umeanza mwaka 2012, na uliwekwa hivyo makusudi, kwa sababu serikali ilishaona kwamba watu wakiachiwa wajiunge wenyewe hawajiungi.

Yupo mtu ambaye ningemwambia ajitoe kwa muda: aliyechelewa kodi ya nyumba, au mwenye deni la kadi ambalo riba yake inapanda kila mwezi. Wewe hukuniandikia hayo. Kama yapo na uliona haya kuyaandika, basi hesabu inabadilika, na nirudie.

Kuhusu riba. Mimi si shehe, na hukumu ya dini sitaitoa, lakini naweza kukueleza hela zako zimelala wapi. Mtu akiingizwa kwenye pensheni bila kuchagua chochote, anawekwa kwenye mfuko wa kawaida, na mfuko wa kawaida huwa na hisa za makampuni pamoja na hatifungani, yaani hati za mkopo, za serikali na za makampuni. Hatifungani hulipa riba, hilo halina mjadala. Kwa hiyo wenzako hawakukosea kuuliza. Walikosea kudhani kwamba dawa ni kutoka. Mfuko wa NEST, ulioanzishwa chini ya sheria ya pensheni ya 2008 na unaotumiwa na waajiri wengi wa sekta ya kea, una mfuko wake wa Sharia. Huo unachuja benki za riba, pombe, nguruwe, kamari na mfano wa hayo. Kuhamia huko hakuna ada: unaingia kwenye akaunti yako ya mtandaoni, unafungua sehemu ya kubadili mfuko, unachagua, unathibitisha. Mifuko mingine nayo mingi ina chaguo kama hilo. Angalia kwenye slipu au kwenye barua ya kwanza uliyopewa kazini uone wako ni upi. Ujue tu kwamba mfuko wa Sharia kwa sehemu kubwa ni hisa, hivyo hupanda na kushuka zaidi. Kwa mtu wa miaka 41 hilo linavumilika. Ukikaribia kuchukua, utahitaji kulifikiria upya.

Nije kwenye pensheni ya serikali, ambayo ndiyo imejaa maneno ya barazani kuliko zote.

Haihusiani na pasipoti. Inahusiana na miaka uliyolipia Bima ya Taifa, yaani yale makato ya National Insurance kwenye slipu yako. Ukiwa na miaka 10 kamili unastahili kitu, ukiwa na 35 unapata yote, ukiwa kati yake unapata kwa uwiano. Ukiwa na 9, huna kitu. Miaka uliyofanya kazi kwa viza inahesabiwa sawa na ya aliyezaliwa Leicester. Na ukishaondoka Uingereza rekodi yako haifutwi, wala hakuna afisa uhamiaji anayeigusa. Ukaazi wako wa kudumu ndio unaokufa ukikaa nje zaidi ya miaka miwili mfululizo. Wengi wanavichanganya hivi viwili, ndipo yakazaliwa yale ya "ukirudi Afrika huzioni".

Kwa mwaka wa fedha wa 2025/26 pensheni kamili ilikuwa pauni 230.25 kwa wiki. Gawa kwa 35: kila mwaka mmoja unaolipia unakununulia kama pauni 6.58 kwa wiki, kwa maisha yako yote. Ukirudi Tanga ukiwa na 55, na rekodi yako haina pengo, utakuwa na miaka 20. Kwa bei za mwaka huo hiyo ni pauni 131 na nusu kwa wiki. Mtu wa Pongwe mwenye nyumba yake hawezi kuidharau.

Nimesema "rekodi yako haina pengo" kwa sababu, na hapa nitakaa kidogo. Kazi za kea zina mtego ambao haumpati karani wa benki. Mwaka hauhesabiwi kwa sababu tu ulikuwa nchini. Unahesabiwa ukifikisha kiwango fulani cha mapato. Kwa 2025/26 kilikuwa pauni 6,500, na kwa kawaida kiwango hicho hupimwa kwa kila kazi peke yake. Namjua dada aliyekuwa na kazi tatu za wakala, kila moja zamu moja moja, hakuna hata moja iliyofikia kiwango. Kwa jumla alikuwa anapata hela ya kutosha na anarudi nyumbani hoi, lakini mwaka ule kwenye rekodi ulikuwa mtupu. Pensheni ya kazini nayo hivyo hivyo: mwajiri analazimika kukuingiza ikiwa kazi hiyo moja inakupa zaidi ya 10,000 kwa mwaka. Chini ya hapo, mpaka 6,240, unaweza kuomba mwenyewe kuingizwa na mwajiri hana haki ya kukukatalia mchango wake. Ni wachache wanaoomba, maana hakuna anayewaambia. Wewe una kazi moja ya kudumu, kwa hiyo huenda uko salama, ila mwaka wako wa kwanza, kama ulifika katikati, unaweza usiwemo. Usikisie. Ingia tovuti ya serikali, kwenye ukurasa wa makadirio ya pensheni, uone miaka mingapi imeandikwa "kamili".

Sasa uchungu wake. Pensheni ya serikali ya Uingereza hupandishwa kila Aprili, lakini si kwa kila anayeishi nje. Anayeishi Ulaya anapandishiwa, anayeishi Marekani anapandishiwa, na anayeishi Ufilipino pia, kwa kuwa nchi hizo zina makubaliano na Uingereza. Tanzania haina. Kenya haina, Uganda haina. Kwa hiyo Mfilipino mnayenyanyua naye mgonjwa, mmoja huku na mwingine kule wa shuka moja, mshahara mmoja na makato mamoja, akistaafu Manila ataongezewa kila mwaka. Wewe Tanga utabaki na kile kile ulichoanza nacho. Ukianza kulipwa 131 ukiwa na 68, utakuwa unalipwa 131 ukiwa na 88. Walalamikaji walilipeleka suala hili mbele sana. Annette Carson, aliyehamia Afrika Kusini, na wenzake walifika hadi Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya kule Strasbourg, na Machi 2010 wakashindwa. Kwa maoni yangu ni dhuluma iliyovalishwa joho la sheria, lakini mpango wako upange kwa sheria iliyopo.

Na umesikia nilivyosema 68, si 55. Hiyo 55 umekuja nayo kutoka nyumbani, ambako mtumishi anaruhusiwa kustaafu kwa hiari akiwa na 55 na kwa lazima akiwa na 60. Uingereza haiijui. Kwa sheria ilivyo leo, mtu aliyezaliwa miaka yako anapata pensheni ya serikali akifikisha 68. Ile ya kazini inafunguliwa mapema zaidi, lakini umri wake unapanda kutoka 55 kwenda 57 tarehe 6 Aprili 2028, na wewe utakuta tayari ni 57.

Hilo ndilo shimo la mpango wako. Ukirudi na 55 una miaka miwili bila senti yoyote ya Uingereza. Kisha miaka 11 ya kuishi kwa pensheni ya kazini peke yake. Ndipo ije ya serikali. Ukibaki kwenye mfuko mpaka ufikishe miaka 20 ya michango kwa mshahara wa sasa, zitakuwa zimeingia kama pauni 30,000, kabla ya faida, hasara na ada. Zigawe kwenye miezi 132 ya hiyo miaka 11: pauni 227 kwa mwezi. Ukijitoa leo, utakuwa na sehemu ndogo tu ya hiyo, na nyumba iliyoezekwa ambayo unaishi mwenyewe na haikuingizii chochote.

Kwa hiyo swali lako la nyumba mimi ningeligeuza. Usiulize utaimalizaje; uliza ikishaisha itakulisha vipi kati ya 55 na 68. Kama kiwanja kinaruhusu, jenga banda la uani lenye vyumba viwili vitatu vya kupangisha kabla ya kuweka marumaru sebuleni. Najua wageni hawapigi picha banda la uani. Lakini banda lina kodi kila mwezi, na marumaru zina fundi wa kuzibandua zikipasuka. Hela ya kupaulia itafute kwa njia ya mkupuo: upatu wa kina dada wa hapo Leicester, zamu za sikukuu zenye malipo ya ziada, chochote ambacho hakimfukuzi mwajiri kwenye mchango wake. Na fungua akiba ya nyumbani ya kujazia ile miaka miwili mitupu. Mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS, kuanzia ule wa Umoja ulioanza 2005, inawapokea Watanzania walio nje, ila kwa kuwa umeniuliza habari ya riba, soma kwanza kila mfuko umewekeza kwenye nini. Mingi ina hatifungani na amana za benki. Benki ya Amana inafanya kazi kwa misingi ya Kiislamu, unaweza kuanzia kuuliza hapo.

Au kaa mpaka 57. Najua hutaki kusikia, na mgongo wa kea una mwisho wake. Ila hiyo miaka miwili inafuta kile kipindi cha bila senti, inakuongezea miaka miwili ya Bima ya Taifa, na inakukuta ukiwa bado mkazi wa Uingereza siku mfuko unapofunguliwa. Hilo la mwisho lina uzito wake kwenye kodi.

Kodi yenyewe iko hivi. Robo ya pensheni ya kazini unaichukua bila kodi. Inayobaki inahesabiwa kama mapato. Raia wa Uingereza akihamia nje, bado anapewa kile kiwango cha pauni 12,570 kwa mwaka kisichotozwa kodi. Raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola alikuwa anakipata pia, lakini haki hiyo kwa msingi wa Jumuiya ya Madola peke yake iliondolewa Aprili 2010. Wengine hukipata kupitia mkataba wa kodi kati ya nchi yao na Uingereza. Kenya inao, Tanzania haina. Maana yake, ukiwa Tanga kwa pasipoti ya Tanzania, pensheni yako ya kazini inaweza kukatwa asilimia 20 kuanzia pauni ya kwanza. Kwenye zile 30,000, ukitoa robo isiyo na kodi, hiyo ni kama pauni 4,500. TRA nayo inamtaka mkazi wa Tanzania ataje mapato yake ya nje. Kabla hujachukua hata pauni moja, kaa na mtu wa kodi. Na ukifikisha 50 kuna ushauri wa bure wa serikali, Pension Wise, chini ya MoneyHelper. Weka miadi, hata kama unahitaji ndugu wa kukaa nawe kwenye simu kwa ajili ya lugha.

Ndiyo maana suala la pasipoti sitalijibu kwa wepesi. Kwa pensheni ya serikali haihitajiki. Kwa kodi ya pensheni ya kazini ina faida. Kwa kiwanja cha Pongwe ina hatari: Tanzania haina uraia pacha, mtu mzima akichukua uraia mwingine anapoteza wa kwake, na Sheria ya Ardhi ya 1999 haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi ila kwa uwekezaji. Serikali imekuja na habari ya hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania. Hilo kaa na wakili wa ardhi, si na kundi la WhatsApp, na ufanye hivyo kabla ya kula kiapo. Pauni 4,500 za kodi hazilingani na kiwanja, ukiniuliza mimi.

NSSF ni fupi. Hakuna makubaliano kati ya Tanzania na Uingereza ya kuunganisha miaka, kwa hiyo miaka yako mitatu ya hotelini haiongezi chochote huku, na ya huku haiongezi chochote kule. Pensheni ya NSSF inataka michango ya miezi 180. Wewe una kama 36. Unaweza kuendelea kama mwanachama wa hiari. Kwanza hakikisha michango ile mwajiri aliipeleka kweli. Ndugu yako akienda ofisi ya Tanga na namba yako ya uanachama wanaweza kumweleza utaratibu wa kupata taarifa.

Yapo machache ya kujilinda nayo.

Watakupigia watu, au watakutumia ujumbe, wakisema wanaweza kukutolea pensheni yako kabla ya umri, "upate ya kujengea". Wengine watakuwa wanaongea Kiswahili safi. Kuchukua kabla ya umri bila sababu inayokubalika, kama ugonjwa mzito, kunatozwa kodi ya hadi asilimia 55, na hapo hujamlipa dalali. Tangu Januari 2019 kumpigia mtu simu bila mwaliko kumshawishi kuhusu pensheni ni kosa Uingereza. Kata simu.

Ukibadilisha kazi, mfuko wa zamani haukufuati wenyewe. Makea hubadilisha makampuni sana, na nimeona watu wana mifuko minne mitano, kila mmoja na anwani ya nyumba waliyohama zamani. Andikisha barua pepe yako binafsi, si ya kazini. Iliyopotea hutafutwa bure kupitia huduma ya serikali ya kutafuta pensheni. Ukikuta tovuti inayodai ada, umekosea mlango.

Ukishakuwa Tanga, pensheni ya serikali haiji yenyewe. Unaiomba, kuanzia miezi minne kabla ya kufikisha umri, kupitia Kituo cha Pensheni za Kimataifa, nao wanakulipa kwenye akaunti ya Uingereza au ya Tanzania. Mara kwa mara watakutumia cheti cha uhai. Ni karatasi ya kuthibitisha kwamba bado upo; unaijaza mbele ya shahidi wa aina wanayoikubali na kuirudisha. Isiporudi, malipo yanasimama. Kwa kuwa inaletwa kwa posta, sanduku la barua liwe lako au la mtu unayemwamini, na likibadilika waambie. Nimeshuhudia mzee wa watu akikaa miezi bila malipo kwa sababu barua ilikuwa imelala kwenye S.L.P. ya shule aliyokuwa akifundisha shemeji yake.

Ukishaondoka na 55 au 57, unaweza pia kuendelea kununua miaka ya Bima ya Taifa ukiwa Tanga. Kwa 2025/26 mwaka mmoja wa daraja la 3, ambalo ni la michango ya hiari, ulikuwa kama pauni 923, na unakuongezea kama pauni 342 kila mwaka wa pensheni. Ndani ya miaka mitatu ya kulipwa umerudisha hela yako. Daraja la 2, lililokuwa rahisi mno, halipatikani tena kwa walio nje kuanzia 6 Aprili 2026, na anayeanza kulipia kutoka nje sasa anatakiwa awe ameshaishi au kuchangia miaka 10. Wewe hiyo 10 utakuwa nayo, ukivumilia minne zaidi. Ndiyo maana hata mtu aliyechoka na Leicester kesho asubuhi ningemwambia: usiondoke na miaka 9.

La mwisho ni la wanao na mama yako. Pensheni ya serikali ukifa kabla ya kuifikia, michango hairudishwi kwa familia. Ya kazini inarudi, na ndiyo sababu nyingine ya kubaki humo. Ila mfuko haujui kwamba una mama Tanga. Kwenye akaunti yako kuna sehemu ya kuandika nani apewe: jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho chake, tarehe ya kuzaliwa, anwani, na asilimia ya kila mmoja. Kama unataka igawanywe kwa mirathi ya Kiislamu, mtaje anayestahili kwa fungu lake sasa, kwa sababu wenye mfuko hawatakupigia hesabu hiyo.

Fungua akaunti wiki hii, badili mfuko ukitaka, jaza hiyo sehemu, kisha niandikie mambo matatu: miaka mingapi ya Bima ya Taifa imeonekana kuwa kamili, mfuko wa kazini una kiasi gani leo, na hati ya kiwanja cha Pongwe imeandikwa jina la nani. Hapo nitakuambia kama ni 55 au 57.